Kiu Isiyokatika

Kwa mkaazi wa Chokocho, kiu si jambo la kushangaza. Aliyeshinda bandarini akingoja mashua ya kuvukia Kisiwa Panza, au aliyetoka pwani kuokota chaza, atapiga kata mbili za maji na hakuna atakayemuuliza. Hapo ndipo kisukari kinapopata pa kujificha kusini mwa Pemba, kwani kila dalili yake ya mwanzo ina jibu lililokwisha tayarishwa. Kiu ni jua, uchovu ni kazi, kukonda ni fikra au jicho la watu, ukungu wa macho ni utu uzima.

Jibu mojamoja laweza kuwa kweli. Shaka iingie dalili zinapokutana: mtu anakunywa asitosheke, anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, anakula vizuri na huku nguo zinampwaya. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa kwa mkojo, na mkojo huondoka na maji ya mwili. Wazee waliotazama chungu wakikusanyika palipokojolewa hawakuwa wakipiga ramli. Ila chungu hawatoi namba, na wasipokuja si dalili ya usalama. Wapo pia wengi wanaoishi na maradhi haya miaka bila kuhisi lolote.

Namba hutoka kwenye damu. Kwa mtu aliyeamka na hajala, milimoli 7 kwa lita au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kwa mwenye dalili, 11.1 wakati wowote. Kipimo cha kidole huanzisha safari, na hospitali, kama ya Abdalla Mzee pale Mkoani, huthibitisha.

Mimi dalili inayonitia hofu zaidi iko chini, miguuni. Sukari iliyokaa juu muda mrefu huua hisia. Mtu anakatwa na gamba la chaza asijue mpaka aone damu kwenye mkeka. Mwaka 2005 daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari Tanzania waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala. Hawakuamka, kwa sababu hawakusikia maumivu. Anayehisi ganzi au moto nyayoni, au mwenye kidonda kisichofunga, asingoje kiu. Na aliyekwisha kuambiwa ana sukari aitazame miguu yake kila siku, mpaka katikati ya vidole, na avae viatu hata uani.

Tatizo jingine ni maneno. Simu zetu zimejaa maji ya bamia, mdalasini na majani ya kila mti, na kila ujumbe una mtu wa mbali "aliyepona kabisa". Tumekwisha kuyaona. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanatibika. Wapo walioacha dawa zao. Ukipata habari ya afya, tazama nani anasema, anauza nini, na je, anakuambia uache dawa au ukapime? Anayekuahidi kupona bila kipimo, mpite. Hata Ramadhani, suala la kufunga au kutofunga lianzie kwa daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dozi nyingine hubadilishwa.

Kwa mtoto hakuna wakati wa kulinganisha ujumbe. Kisukari chake huja kwa kasi. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, anakonda, kisha anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Ni rahisi kudhani ni malaria au tumbo tu. Tangu Januari 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipochomwa insulini mjini Toronto, mtoto wa namna hii ana dawa. Kinachomuua ni kuchelewa. Mzazi ukiziona dalili hizo, mpeleke mtoto siku hiyohiyo, na ukifika usiondoke mpaka wampime sukari.