Termitomyces microcarpus na Termitomyces letestui

Termitomyces microcarpus na Termitomyces letestui ni spishi mbili za uyoga wa vichuguu. Zote mbili huliwa nchini Tanzania. Jenasi yao ilipewa jina mwaka 1942 na mtaalamu wa kuvu Mfaransa Roger Heim.

Uhusiano na mchwa

Baadhi ya mchwa hulima kuvu. Hula majani makavu na vipande vya miti, kisha kwa kinyesi chao hujenga masega ndani ya udongo. Kuvu huota juu ya masega hayo na kulainisha mabaki ya mimea, na mchwa hupata chakula. Katika nchi ya miombo, kama vile nyanda za juu za Kigoma kuanzia Nyakitonto na Kasulu hadi Kibondo, uyoga wa vichuguu hutafutwa wakati wa mvua.

Tofauti

T. microcarpus ni mdogo na mweupe. Kofia yake ina upana wa sentimita 2 hivi. Huota kwa mamia mahali pamoja, kwa sababu mchwa hutoa vipande vya masega na kuvitawanya juu ya ardhi. Hauna mzizi mrefu wala pete.

T. letestui una kofia ya sentimita 10 hadi 20, au zaidi, yenye ncha ngumu ya kahawia katikati. Ncha hiyo hupasua udongo, kwani uyoga huanzia kwenye sega lililo chini kabisa. Shina lake lina pete nene na huendelea ardhini kama mzizi mrefu.

Tahadhari

Pete ya T. letestui huweza kumchanganya mchumaji, kwa kuwa uyoga wenye sumu kama Chlorophyllum molybdites na baadhi ya Amanita pia una pete. Kwa hiyo uyoga uchimbwe taratibu, usikatwe, ili mzizi uonekane. Spora za T. letestui zina rangi ya waridi hafifu, za Chlorophyllum molybdites ni za kijani, na za Amanita ni nyeupe. Shina la Amanita nyingi hutoka katika kifuko kilicho chini. Kupika hakuondoi sumu ya Amanita zinazoua, na dalili zake huweza kuchelewa saa 6 au zaidi. Uyoga usiotambuliwa kwa hakika na mtu mzoefu usiliwe.