New Orleans: mji uliotenganishwa kwa sheria na pampu

Tarehe 7 Juni 1892, fundi viatu wa New Orleans aitwaye Homer Plessy alikata tiketi ya daraja la kwanza, akapanda treni na kuketi katika behewa la Wazungu. Kondakta asingemjua kwa kumtazama, maana saba kati ya wazazi wanane wa babu na bibi zake walihesabiwa kuwa Wazungu. Ilibidi ijulikane wazi kwamba yeye ni mtu wa rangi, akatae kuhama, kisha akamatwe na mpelelezi aliyekodiwa kwa kazi hiyo. Mpango wote ulikuwa wa Comité des Citoyens, kamati ya raia yenye Wakrioli (watu wa rangi waliozungumza Kifaransa) kama Rodolphe Desdunes na mwanasheria Louis Martinet, waliotaka kuipinga mahakamani sheria ya Louisiana ya mwaka 1890 iliyotenganisha abiria. Kampuni ya reli iliarifiwa mapema, nayo haikuwa na kinyongo, kwani kuvuta mabehewa ya ziada kulikuwa hasara kwake. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia Plessy kwa kura saba dhidi ya moja, na hukumu hiyo ikawa nguzo ya ubaguzi wa kisheria kwa zaidi ya nusu karne. Sheria inayoshindwa kumtambua yule inayembagua mpaka ielezwe haiwezi kusemwa kwamba inalinda mpaka wa asili. Mpaka ule ulikuwa unachorwa, tena katika mji ambao watu wake walikwisha kuchanganyika damu, lugha, dini na makazi.

Mchanganyiko huo ulikuwa na historia ndefu. Wafaransa waliuanzisha mji mwaka 1718, Wahispania wakautawala, na Marekani ikaununua pamoja na Louisiana yote mwaka 1803. Chini ya Wahispania mtumwa aliruhusiwa kujinunua, na hivyo tabaka la watu weusi huru likakua. Mwaka 1809 wakaingia wakimbizi zaidi ya 9,000 waliotoka Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, kwa kupitia Kuba: karibu theluthi moja Wazungu, theluthi watu wa rangi walio huru, theluthi watumwa. Katika mitaa kama Tremé watu weusi huru walimiliki nyumba, wakawa waashi, washonaji na walimu. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba ubaguzi uliletwa na Wamarekani, na kwamba Wafaransa na Wahispania walikuwa wapole zaidi. Upo ukweli kidogo hapo, lakini hautoshi. Sheria ya Kifaransa ya watumwa ya mwaka 1724 ilikwisha kupiga marufuku ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi. Na katika miongo iliyotangulia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mji huohuo ndio uliokuwa na soko kubwa kuliko yote ya watumwa nchini Marekani. Weusi na Weupe waliishi kitongoji kimoja kwa sababu mtumwa alilazwa uani, nyuma ya nyumba ya bwana wake, ili aitike anapoitwa. Ukaribu wa namna hiyo haukumtisha mwenye mali, kwa kuwa cheo cha kila mmoja kilikuwa kimeandikwa.

Kilichomtisha ni usawa, na mfuatano wa miaka unaonyesha hivyo. Watumwa walipokuwa huru na kuanza kudai kura, tarehe 30 Julai 1866 makumi ya watu weusi waliuawa hapo mjini, polisi wakiwa miongoni mwa wauaji. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1868 ikawapa haki sawa na kukataza shule za kutenganisha rangi, na kati ya 1871 na 1877 watoto wa rangi zote walisoma pamoja katika shule kadhaa za mji, jambo lililokuwa nadra sana Kusini kote. Mwaka 1874 Wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya jimbo kwa siku chache, mpaka jeshi la taifa likaingilia. Jeshi lilipoondolewa mwaka 1877, shule zikatenganishwa tena. Ikafuata sheria ya mabehewa, kisha katiba mpya ya mwaka 1898: wapiga kura weusi wa Louisiana, waliokuwa 130,334 mwaka 1896, wakabaki 5,320 mwaka 1900. Kwa hiyo siwezi kuuita utengano huu masalio ya ushamba wa kale. Uliwajia watu waliokwisha kukaa bungeni na kusoma darasa moja.

Makazi yalichelewa kufuata, na sababu yake ni ya kiufundi. Ardhi ya juu ilikuwa ukanda mwembamba kando ya mto Mississippi. Nyuma yake ni kinamasi hadi ziwa Pontchartrain. Mwaka 1913 mhandisi Albert Baldwin Wood alibuni pampu kubwa ya kukausha kinamasi, na viwanja vipya vikapatikana. Katika mitaa mipya kama Lakeview, hati za viwanja ziliandikwa sharti la kutomuuzia mtu mweusi. Familia za Wazungu zikahamia huko, na mitaa iliyochanganyika ikaanza kuchambuka. Mwaka 1924 mji ulitunga hata sheria ya kugawa makazi kwa rangi, nayo Mahakama ya Juu ikaibatilisha mwaka 1927. Serikali ya taifa haikubaki nyuma: mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilifadhili nyumba za umma za Iberville kwa Wazungu na za Lafitte kwa Weusi, mwendo mfupi tu kutoka moja hadi nyingine. Wanaodai kwamba watu hupenda tu kuishi na wenzao wanapaswa kujibu swali hili: kama ni hiari, hati, sheria na fedha za umma zilihitajika kwa kazi gani?

Hoja nzito zaidi ni kwamba hayo yamekwisha, sheria zimefutwa. Kweli, zilifutwa. Novemba 1960 Ruby Bridges, msichana wa miaka sita, aliingia shule ya William Frantz akilindwa na maofisa wa taifa, huku wazazi Wazungu wakiwaondoa watoto wao. Lakini miaka hiyohiyo ya 1960 barabara kuu ya juu ilijengwa katikati ya Claiborne Avenue, mialoni ikakatwa, na maduka ya watu weusi wa Tremé yakafa. Kisha kikaja kimbunga Katrina mwaka 2005, na maji yakafunika takriban asilimia 80 ya mji. Maji yaliingia hata Lakeview, kwa hiyo si haki kusema kimbunga kilichagua rangi. Malipo ndiyo yaliyochagua. Mpango wa serikali ulioitwa Road Home ulimpa mwenye nyumba kiasi kilicho kidogo kati ya gharama ya kujenga upya na bei ya nyumba kabla ya mafuriko. Saruji na mbao ni bei moja kwa wote, lakini nyumba ya mtaa wa Weusi ilikuwa na bei ya chini kwa sababu ya miongo ya ubaguzi, hivyo mwenyewe alipewa pungufu ya alichohitaji kurudi kwake. Hakuna karani aliyelazimika kumchukia mtu; fomu ilitosha. Wakazi walishtaki, na mwaka 2011 shauri likaisha kwa makubaliano, baada ya wengi kukata tamaa na kuhamia kwingine. Plessy alisamehewa rasmi na gavana Januari 2022, karibu karne moja baada ya kufa. Kuhusu Claiborne, bado wanabishana kama barabara ile ibomolewe, na wakazi wa zamani wana haki ya kudai kwamba kabla nyundo haijapigwa, iandikwe nani atalindwa kodi zitakapopanda.