Wageni 736,755 na Nyumba ya Vyumba Kumi: Hesabu ya Utalii wa Mji Mkongwe

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755 kutoka nje ya nchi. Mwaka uliotangulia walikuwa 638,498. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 15 ndani ya mwaka mmoja, na nyumba za wageni za Mji Mkongwe hazichoki kulitangaza. Msimu unapokaribia, waliowahi kulala mitaa ya Shangani, Kiponda au Malindi hutumiwa salamu: watalii wanamiminika, uwanja wa ndege una jengo jipya la abiria, tamasha la Sauti za Busara liko njiani, karibuni tena.

Habari hizo ni za kweli. Lakini takwimu ya visiwa vizima haisemi kinachobaki mkononi mwa mwenye nyumba ya mawe yenye vyumba kumi, akishatoa kodi, kamisheni, chai ya asubuhi na ujira wa fundi chokaa. Hesabu hiyo ndiyo tutakayoipiga hapa.

Kutoka 19,000 hadi 736,000

Katikati ya miaka ya 1980, Zanzibar ilipoanza kulegeza masharti ya biashara na kukaribisha wawekezaji, watalii walikuwa kama 19,000 kwa mwaka. Mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, walikuwa hawajafika 100,000. Mwaka 2019 walifika 538,264. Ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644, pungufu ya nusu ya mwaka uliopita. Mwaka 2022 walikuwa 548,503, yaani pengo lilikwisha kuzibwa. Kuanzia hapo hadi 2024 wameongezeka kwa asilimia 34.

Idadi ya 2024 ni zaidi ya wageni 2,000 wanaoingia kila siku. Wakikaa wiki moja kila mmoja, basi usiku wowote wa mwaka visiwa vinalaza wageni kama 14,000. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773, kwa hiyo kwa kila wakazi 100 wanakuja wageni 39 kwa mwaka.

Wengi wao, hata hivyo, hawalali mjini. Wanatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje au Jambiani, kwenye mchanga na bahari. Mji Mkongwe hupata usiku mmoja au mbili, mwanzoni au mwishoni mwa safari. Mara nyingine hupata saa chache tu: basi dogo linashusha watu asubuhi, wanazunguka na mtembezaji Darajani, Ngome Kongwe na kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, kisha wanarudi ufukweni kabla ya magharibi. Hao wote wamo ndani ya 736,755, na nyumba ya wageni haikuuza kitanda hata kimoja.

Dola 100,000 zinakwenda wapi

Tuchukue nyumba ya mfano. Ina vyumba 10, na kila chumba kinauzwa dola 50 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Tunatumia dola kwa sababu bei za vyumba vya watalii zimezoeleka kutajwa hivyo. Vyumba 10 kwa siku 365 ni usiku 3,650 wa kuuza. Tuseme mwenyewe anauza asilimia 55, ambayo si haba kwa mwaka wenye masika ndani yake. Hizo ni kama usiku 2,000 wa chumba, na mapato ya dola 100,000.

Sasa tuanze kutoa. VAT ya asilimia 15 imo ndani ya bei, na bila kuhesabu kodi ya manunuzi inayoweza kurejeshwa, sehemu yake ni kama dola 13,000. Majukwaa ya mtandaoni ya kuuza vyumba hutoza kamisheni ambayo mara nyingi huanzia asilimia 15. Ikiwa wageni saba kati ya kumi wamepitia huko, zinatoka dola 10,500. Chumba kina wastani wa mtu mmoja na kitu, tuseme 1.7, kwa hiyo ni sahani 3,400 za chai ya asubuhi. Kwa dola 4 kila moja, za matunda, mayai, mkate na kahawa, jumla ni 13,600.

Wafanyakazi ni tisa: mapokezi, usafi, jikoni na mlinzi wa usiku. Kwa wastani wa dola 200 kwa mwezi kila mmoja pamoja na michango ya hifadhi ya jamii, kwa mwaka ni 21,600. Umeme, maji, intaneti na dobi tuviweke dola 900 kwa mwezi, yaani 10,800. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za Serikali, za Wakfu au za familia zenye warithi wengi, anayeendesha biashara mara nyingi ni mpangaji. Kodi ya pango tuifanye dola 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka.

Jumla ya yote hayo ni 87,500. Zinabaki dola 12,500, na bado hazijaguswa na kodi ya mapato, leseni, mashuka mapya, magodoro, wala kiyoyozi kilichokufa. Bandu bandu huisha gogo: katika kila dola 100 alizolipa mgeni, mwenye biashara ameshika 12 na nusu.

Chumba kimoja na nusu

Biashara hii ni tete kuliko inavyoonekana kutoka nje, kwa sababu gharama kubwa hazipungui wageni wanapopungua. Pango ni lilelile, na mlinzi wa usiku halindi nusu ya mlango.

Tushushe mauzo kutoka asilimia 55 hadi 40. Usiku uliouzwa unakuwa 1,460 na mapato 73,000. VAT inashuka hadi 9,500, kamisheni 7,700, chai ya asubuhi 9,900, umeme na maji tuseme 9,600. Mishahara na pango havisogei. Jumla ya matumizi ni 76,300, na mwaka unafungwa kwa hasara ya dola 3,300.

Asilimia 55 ya vyumba kumi ni vyumba vitano na nusu kwa usiku, na asilimia 40 ni vinne. Tofauti ya faida na hasara ni chumba kimoja na nusu.

Ndiyo maana msukosuko wa nje hupiga nyumba ndogo kabla ya hoteli kubwa. Mei 2008 kebo ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara iliharibika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Ikaharibika tena Desemba 2009, katikati ya msimu, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Hoteli zenye jenereta kubwa ziliendelea kwa gharama ya dizeli. Nyumba za vyumba kumi zilichagua kati ya kuchoma faida yote kwenye jenereta ya kukodi na kufunga milango. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na bila hiyo ukuaji tunaoushangilia leo usingewezekana.

Sera nazo zinahesabika kwa vyumba. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kwa watu wawili ni dola 88. Anayelala hoteli ya dola 400 kwa usiku haitamshtua. Anayelala chumba cha dola 50 ameongezewa bei ya karibu usiku mbili kabla hajafungua begi. Mgeni mwenye bajeti iliyofungwa atazitoa mahali fulani, na pepesi zaidi kukata ni usiku wa mjini.

Nyumba yenyewe inakula

Hoteli ya ufukweni hujengwa kwa saruji na nondo. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene unaofika nusu mita au zaidi, na dari zimelala juu ya boriti za mikoko. Upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita tatu. Huwezi kubomoa ukuta ukapata vyumba vikubwa vya bei ya juu. Sheria ya hifadhi inayosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe haikuruhusu, na boriti nazo hazifiki.

Adui wa nyumba hizi ni maji. Mvua ikipenya paa inalainisha chokaa, inaozesha kichwa cha boriti pale kilipoingia ukutani, na dari inashuka. Wanaoziba nyufa kwa saruji huharibu zaidi, maana saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta ambao chokaa ingeuacha utoke. Kazi inataka fundi anayejua kuiva kwa chokaa, na mafundi hao hawako wengi.

Gharama ya kuahirisha inajulikana. Beit al-Ajaib, jumba aliloliagiza Sultani Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo hilo lilikuwa na Serikali na wafadhili nyuma yake. Nyumba ya vyumba kumi ina zile dola 12,500.

Tuseme mwenyewe anatenga asilimia 5 ya mapato kwa paa, chokaa na boriti. Ni dola 5,000 kwa mwaka, au 50,000 kwa miaka kumi. Kwa faida aliyonayo, ameondoa asilimia 40 yake. Asipotenga, mwaka huo ataonekana amefanikiwa, na ukuta utamdai baadaye.

Maji: pale nyumba ndogo inaposhinda

Iko hesabu moja inayoipendelea nyumba ya wageni. Utafiti wa shirika la Tourism Concern la Uingereza, uliotolewa mwaka 2012 kuhusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani, ulikuta hoteli za nyota tano zikitumia wastani wa lita 3,195 za maji kwa chumba kwa siku. Nyumba za wageni zilitumia lita 686. Kaya ya kijijini ilitumia lita 93.2.

Kwa kipimo hicho, nyumba yetu ya mfano ikiwa na vyumba vitano na nusu vyenye watu hutumia kama lita 3,800 kwa siku, sawa na kaya 40 za kijijini. Vyumba hivyohivyo vya nyota tano vingetumia zaidi ya lita 17,500. Visiwa ambavyo wakazi wake waliongezeka kwa asilimia 45 kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 vina kila sababu ya kuangalia ni utalii wa aina gani unaoongezeka.

Usiku mmoja, na kuhifadhi moja kwa moja

Basi ukuaji ungeufikiaje mji? Kwanza kwa usiku. Ikiwa mmoja tu katika kila wageni kumi wa 2024 angeongeza usiku mmoja Mji Mkongwe, ungepatikana usiku 73,675 wa mgeni. Kwa watu 1.7 kwa chumba ni usiku 43,300 wa chumba, na kwa dola 50 ni zaidi ya dola milioni 2.1. Ni biashara ya mwaka mzima ya nyumba 21 za vyumba kumi, bila kuongeza ndege hata moja na bila kujenga hoteli mpya. Hapo hatujahesabu pweza wa Forodhani, urojo, fundi viatu na dereva teksi.

Pili kwa kamisheni. Nyumba yetu iliuza dola 70,000 kupitia majukwaa. Ikishusha hadi 40,000, na hizo 30,000 zikaja kwa wageni waliopiga simu au kuandika wenyewe, inaokoa dola 4,500. Hiyo ni asilimia 90 ya mfuko wa ukarabati tulioutafuta, na haikuhitaji mgeni mpya hata mmoja.

Kwa jicho hilo, zile salamu za msimu zinazosifu utalii unaonawiri ni kazi ya kibiashara yenye faida inayopimika. Kila aliyewahi kulala hapo akarudi kwa kuandika moja kwa moja, au akamtuma jamaa yake, ameiachia nyumba dola 7.50 kwa kila usiku wa chumba. Usiku 667 wa namna hiyo kwa mwaka, yaani chini ya vyumba viwili kwa siku, unalipa fungu lote la chokaa na boriti.

Kwa hiyo takwimu ya wageni walioingia isichukuliwe kuwa kipimo cha afya ya Mji Mkongwe. Kamisheni ya Utalii na ofisi ya takwimu zingeufaa mji kama kila tangazo la idadi ya wageni lingeambatana na idadi ya usiku uliolalwa mjini. Wenye nyumba nao waandike kwenye daftari, kando ya mapato, wametenga kiasi gani kwa ajili ya paa. Nawe msomaji unayepanga safari ya Unguja, ukishaipata nyumba mtandaoni tafuta namba yake ya simu, uwapigie wenyewe, na ulale mjini usiku mbili badala ya mmoja.