Mgeni Asiyeshuka Kitandani

Ujumbe ulikuja bila jina: "Dada, nina miaka 15, niko bweni, kidato cha pili. Bado nanyonya kidole gumba nikilala. Nimepaka pilipili, nimepaka shubiri, wapi! Wenzangu wameshanigundua. Na sasa mkate siukati tena kwa meno ya mbele. Kidole ni nyama tu, kinawezaje kusukuma jino?"

Mdogo wangu, habari ya kwa nini watoto hunyonya vidole nitaipita mbio: huanza tumboni mwa mama, wengi huacha kati ya miaka 2 na 4, wachache hukawia. Swali lako la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Jino halikupigiliwa tayani kama msumari. Limetundikwa. Kati ya mzizi na mfupa pana upenyo wa robo milimita hivi, umejaa nyuzi imara zilizoshika huku na huku. Kumbuka kitanda cha kamba, kile watu wa pwani walichokiita teremka-tukaze, kwa kuwa kamba zikilegea mlalaji huombwa ashuke zikazwe. Jino linalala juu ya kamba za namna hiyo. Ukitafuna hindi la kuchoma, ni kama mtoto amerukia kitanda: kishindo kikubwa, lakini cha chini ya sekunde moja. Kamba zinanesa, zinarudi, hakuna kilichohama. Kidole gumba hakina kishindo. Ni mgeni aliyejilaza ubavuni mwa jino usiku kucha, kamba za upande mmoja zikibanwa, za upande wa pili zikivutika. Na kwa kuwa mgeni hashuki, mafundi hawakazi kamba. Wanahamisha ukuta wa chumba.

Mafundi hao ni seli. Kamba zinapovutika hujenga mfupa mpya, zinapobanwa huubomoa. Wabomoaji ndio wanaonifurahisha. Kila mmoja ni seli kadhaa zilizoungana zikawa moja kubwa yenye viini vingi. Hujibandika juu ya mfupa, huziba kingo pande zote kama pembe ya chuku juu ya ngozi, kisha humimina asidi katika uwazi uliozibwa. Madini yanayeyuka, vimeng'enya vinakatakata yaliyosalia, kinabaki kishimo. Na hapa sipigi chuku.

Mbomoaji huyu tumwiteje? Nilianza na "kivunjamfupa", kwa mfano wa yule mdudu kivunjajungu, lakini seli hii haivunji kitu. "Kimeng'enyamfupa" kingefaa zaidi, ila kimeng'enya ni kitu kingine, nami sitaki ukosee mtihani wa biolojia kwa ajili yangu. Nikaandika "kilamfupa", mhariri akasoma "kila mfupa". Tumepatana juu ya "kibomoamfupa", na mwenzake "kijengamfupa". Mwenye jina bora alilete.

Basi vibomoamfupa haviitwi na nguvu, vinaitwa na muda: mbano mdogo usiokatika, saa kama sita kwa siku. Ndiyo maana anayenyonya dakika chache huenda asidhurike, na wewe wa usiku kucha ukapata pengo kati ya meno ya juu na ya chini, ya juu yakichomoza nje, ya chini yakiinamia ndani. Waya za daktari wa meno huwatumia mafundi haohao, zikisogeza jino milimita moja hivi kwa mwezi.

Kwa hiyo usikikomoe kidole, kipunguzie saa. Pilipili ni adhabu, na aliyelala haadhibiki. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia ya upole zaidi: jizoeze kuutambua mkono pale tu unapoanza safari, kisha uupe kazi isiyopatana na kunyonya, kama kukunja ngumi kwa dakika chache. Fanya hivyo kabla usingizi haujakuchukua, na uuvishe mkono soksi. Ukiteleza usiku mmoja, saa za usiku mwingine bado zinahesabiwa. Pengo la umri wako linaweza lisijifunge lenyewe, muone daktari wa meno.

Na wenzako wakicheka kukuona umekunja ngumi ndani ya soksi, wacheke. Wewe unaongea na mgeni wako. Miaka yote hii amelalia kamba zako, haki unayo ya kumwambia: teremka, tukaze.