Kidhibiti Sauti cha Kielektroniki na Namna ya Kukiboresha

Kila sauti inayotoka kwenye kanda, redio au CD hupita katika kidhibiti sauti kabla ya kukuzwa na ampulifaya na kufika kwenye spika. Kasoro ikiingia hapo hukuzwa pamoja na muziki. Katika kisiwa cha Mombasa, hasa Mji wa Kale ulio ukingoni mwa bahari, sehemu hii huharibika mapema kwa sababu ya chumvi na unyevu wa hewa.

Kidhibiti cha kawaida kina utepe wa kaboni uliopinda na kijiguso cha metali kinachoteleza juu yake kila nobu inapozungushwa. Kikifunguliwa baada ya miaka mingi, utepe huonekana umelika pale palipozoewa, na kijiguso kimeota kutu ya kijani. Ndipo spika zinapokwaruza. Tatizo la pili ni la tangu kiwandani: tepe mbili, ya kulia na ya kushoto, hazilingani kabisa. Sauti ikipunguzwa sana, mwimbaji aliyekuwa katikati huhamia upande mmoja.

Kidhibiti cha kielektroniki hakina kitu kinachosuguana. Ndani ya aisii moja, yaani kipande kidogo chenye saketi nzima, mna msururu wa rezista, na transista ndizo zinazochagua ipi itumike. PGA2311 ya Texas Instruments, kwa mfano, hupandisha sauti hadi desibeli 31.5 na kuishusha hadi desibeli 95.5, kwa hatua za nusu desibeli, na pande zote mbili huenda sambamba. Hata hivyo, aisii nzuri ikifungwa ovyo hutoa sauti mbovu, na fundi makini anaweza kuirekebisha.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni umeme unaoilisha aisii hiyo. Mvumo unaobaki baada ya transfoma na dayodi hupenya hadi kwenye muziki. Kirekebisha volti aina ya LM317 kikiongezewa kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wake wa kurekebishia, uwezo wake wa kuzuia mvumo hupanda kutoka desibeli 65 hivi hadi 80. LM337 hufanya kazi hiyohiyo upande wa volti hasi. Karibu kabisa na miguu ya aisii hufungwa kapasita mbili, ya mikrofaradi 10 na ya 0.1, kwani waya mrefu hupunguza faida yake.

La pili ni chanzo cha muziki. PGA2311 hutaka ilishwe na saketi yenye ukinzani wa chini ya omu 600, la sivyo sauti huanza kupotoka. Dawa yake ni kuitangulizia op-ampu yenye kelele ndogo. La tatu ni waya wa ethi: ethi ya muziki na ile ya amri za kidijitali zinazoiongoza aisii hutenganishwa, kisha hukutanishwa mahali pamoja tu. Mwisho, bodi husafishwa kwa spiriti na kupakwa vanishi ya kukinga saketi ili chumvi isiifikie.

Faida ya marekebisho haya husikika wazi katika taarab ya Mombasa. Kanda nyingi za taarab, zikiwemo za duka la Mbwana Radio Service, tayari zina mchakacho wake, kwa hiyo ampulifaya haipaswi kuongeza mwingine. Udi wa mwanamuziki Zein l'Abdin na taishokoto katika nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh ni ala za kudonolewa: mdono huanza ghafla, kisha nyuzi hufifia polepole. Kidhibiti chenye kelele humeza ule mfifio, na chenye mpotoko huufanya mdono uchome masikio.

Kazi hii hufanywa plagi ikiwa imechomolewa na kapasita zikiwa zimeishiwa chaji, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa volti 240 na kapasita kubwa huhifadhi chaji hata baada ya swichi kuzimwa. Kabla ya kuunganisha spika, umeme hurudishwa na tokeo la ampulifaya hupimwa kwa mita. Volti ya mkondo mnyoofu isizidi milivolti chache, kwani ikiwa kubwa huweza kuunguza spika. Kisha spika huunganishwa, ingizo hufungwa kwa ethi na sauti hupandishwa taratibu. Mvumo ukisikika, uchunguzi huanzia kwenye ethi na umeme, kabla ya kununua kipuri kipya.