Marakuja ya maua bila matunda: tulimsingizia chozi

Katika Luberizi kuna ndege mdogo aliyepigwa mawe msimu mzima kwa kosa ambalo hakulifanya. Kosa lilikuwa letu sisi maagronome, na tunaliandika hapa ili vyama vingine vya ushirika katika bonde la Ruzizi visilirudie.

Mambo yalianza vizuri. Kina mama wa ushirika walituomba mmea wa kupanda ndani ya parseli, karibu na nyumba: mmea unaotambaa, wenye kivuli, wenye maua, na wenye kitu cha kupeleka sokoni. Tukawachagulia marakuja ya njano. Uchaguzi huo tunautetea mpaka leo. Marakuja ya zambarau, ile yenye ganda jeusi inayopendwa sana Bukavu, ni mmea wa baridi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na vilima vinavyolizunguka viko juu zaidi; huko zambarau inajisikia nyumbani. Lakini ukishateremka Ngomo, ukapita Kamanyola, ukashika barabara ya Uvira, unaingia bonde la jua kali. Luberizi iko chini ya mita 1,000, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa ni vumbi tu. Pale zambarau inachoka haraka. Ile ya njano inavumilia joto, na mizizi yake inapigana vizuri zaidi na ugonjwa wa kuvu wa udongoni, ule unaonyausha mmea mzima kwa siku chache.

Kosa lilikuwa katika miche. Tulijua mmea mmoja, nyuma ya nyumba iliyo kando ya barabara, uliokuwa unazaa matunda makubwa kweli kweli. Tukakata vipande vya tawi lake, tukavitia mizizi ndani ya vifuko, tukagawa. Tulijisifu sana siku ile. Kila nyumba itapata mmea uleule mzuri, hakuna bahati nasibu ya mbegu!

Mimea ikashika, ikapanda kwenye vichanja, ikafunika paa za majiko. Kisha ikatoa maua. Ambaye hajaona ua la marakuja aende aliangalie kwa jirani: jeupe, na katikati lina duara la nyuzi za zambarau kama ukili uliofumuliwa, zenye harufu tamu. Kulikuwa na parseli ambazo huwezi kuhesabu maua. Na pamoja na maua wakaja chozi, wengine wa kijani kinachong'aa, wengine wenye kifua chekundu, wakirukaruka toka alfajiri.

Matunda hayakuja.

Tuliporudi, mama mmoja alitupokea bila kutukaribisha kwenye kiti, na hapa kwetu hiyo ni barua kamili. "Ba agronome, hii marakuja yenu ni ya kuangalia tu? Iko na maua mingi, tunda hata moja hakuna. Ndege ndiyo inakula maua, batoto wanaifukuza lakini inarudia." Asubuhi alikuwa anakuta maua yamelala chini, na juu ya kichanja chozi. Nani angefikiri vingine? Vijana walikwisha kutengeneza manati. Chini ya kichanja kimoja tulikuta chozi watatu wamekufa, wadogo kiasi kwamba wote walienea katika kiganja kimoja. Jirani yake alikuwa amechukua panga na kukata mmea wake kabisa.

Tukaomba ruhusa ya kukaa chini ya kichanja siku mbili na kuangalia tu. Wengine walitucheka, watu wamesoma ili waje kulinda maua.

Kwanza tumjue huyu ndege. Wengi waliosoma katika vitabu vya Kifaransa wanamwita kolibri. Si yeye. Kolibri ni ndege wa Amerika pekee, hapa Afrika hayuko hata mmoja. Huyu wetu ni chozi, ambaye jina lake ni lilelile la chozi la jicho, na sisi wa Kivu hatuna haja ya kuazima ndege wa watu: kule juu katika milima ya Itombwe kuna chozi wasiopatikana popote isipokuwa milima ya upande huu wa Afrika. Wote wawili wana mdomo mwembamba na wote wanatafuta maji matamu ya maua, lakini hawali kwa namna moja. Kolibri anasimama hewani, mabawa yanavuma, anachomeka mdomo bila kugusa kitu. Chozi anaweza kujaribu hivyo kwa kitambo kidogo, lakini kawaida anataka mahali pa kukanyaga. Ua likiwa refu na hakuna kijiti cha kusimamia, anatoboa tundu pembeni na kunywa kupitia hapo, kama mtu anayeingia kwa dirisha.

Ndivyo alivyofanya kwenye marakuja yetu. Alisimama kwenye mkono wa mmea, akaingiza mdomo kwa upande, akanywa, akanyakua buibui mdogo kwenye jani, akaenda. Ua lenyewe hakulila. Na maua aliyoyaacha bila kuyagusa yalianguka kesho yake vilevile. Hapo tukaanza kuona aibu, maana jibu tulilijua tangu shule na hatukulitumia.

Ua la marakuja ya njano linafunguka mchana, karibu saa sita au saa saba, na kujifunga usiku. Lina siku hiyo moja tu. Ndani kuna vifuko 5 vya unga wa manjano, na juu yake vichwa 3 vinavyopokea unga. Lisipopokea unga unaofaa siku hiyo, linaanguka. Na unga unaofaa, kwa marakuja ya njano, ni lazima utoke kwenye mmea mwingine usio ndugu wa tumbo moja. Unga wake mwenyewe linaukataa. Zambarau haina masharti hayo makali, mmea mmoja peke yake unaweza kuzaa. Njano hapana.

Sasa rudini kwenye miche yetu. Vipande vyote vilitoka kwenye shina moja. Kwa macho ilikuwa mimea mingi, parseli kwa parseli. Kwa damu ulikuwa mmea mmoja tu uliosambazwa kijiji kizima. Ua la mama huyu likipokea unga wa jirani, ni kama limepokea unga wake lenyewe. Na ule mmea mama wa kando ya barabara? Tulienda kuuangalia upya. Nyuma ya ukuta kulikuwa na marakuja nyingine ya njano, iliyoota yenyewe kutokana na mbegu, tena yenye matunda madogo ambayo hakuna aliyeyasifu. Hiyo ndiyo ilikuwa inampa mwenzake uzazi. Tuliikuta na kuipita siku ile ya kwanza.

Basi tuliitisha kikao tukasema wazi kwamba chozi hana hatia, wenye kosa ni sisi. Haikuwa saa nzuri. Lakini baada ya maneno makali watu waliuliza swali la maana: sasa tufanye nini?

Dawa ya haraka ni mkono. Tulileta maua kutoka kwa ile marakuja ndogo ya nyuma ya ukuta. Saa saba au saa nane mchana, unakata kifuko cha unga kutoka kwenye ua la mmea mmoja na kukipaka polepole kwenye vichwa vyote 3 vya ua la mmea mwingine. Angalia kwanza kama vile vichwa vimeinama chini. Vikiwa bado vimesimama wima, ngoja kidogo, na ua ambalo vichwa vyake havishuki kabisa usipoteze unga juu yake. Siku ya mvua usijisumbue, unga ukilowa unapasuka. Ua lililoshika utalijua baada ya siku chache: kitumbua cha kijani katikati kinavimba. Tunda linaiva baada ya miezi 2 hadi 3, na likiiva linaanguka lenyewe. Usilichume likiwa kijani, uliokote asubuhi.

Dawa ya kudumu ni miche ya mbegu kutoka matunda ya mimea tofauti. Kila parseli iwe na mimea 2 au 3 isiyo ya shina moja, au majirani wapatane, wewe hii na mimi ile. Osha mbegu mpaka utelezi utoke, zipande zikiwa bado mpya. Nyingi zinaota ndani ya wiki 2 hadi 4. Mche ukifika urefu wa shubiri na zaidi kidogo, uhamishe mwanzoni mwa mvua, shimo la sentimita 50 kila upande, samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, mita 3 kati ya mmea na mmea. Acha tawi moja lipande mpaka juu ya kichanja, kwenye mita 2 hivi, ndipo ulikate ncha ligawanyike. Kiangazi funika udongo kwa nyasi kavu, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yamwagwe hapo. Wenye vipande vyetu vya zamani msivikate! Pandeni mche wa mbegu pembeni yake, vitazaa.

Mkono si kazi ya kila siku, kuna anayeifanya bila kulipwa: yule nyuki mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, anayetoboa mbao za nyumba. Nyuki wa asali ni mdogo mno, anapita chini ya vifuko na kuiba unga bila kugusa vichwa. Huyu mkubwa akiingia, mgongo wake unafuta kila kitu. Na Luberizi watu walikuwa wanamwagia petroli kwenye matundu yake. Tunawaelewa, hakuna anayependa nguzo yake itobolewe. Basi mpe nyumba yake: vipande vya magogo makavu ya mti laini, au matawi makavu manene, vifungwe chini ya kichanja ambako mvua haifiki. Dume lake halina mwiba. Jike linao, lakini haliumi mpaka ulishike. Na mwenye nyanya karibu apulize dawa asubuhi na mapema, maua ya marakuja yakiwa yamefungwa, si saa nane wakati nyuki huyo yuko kazini.

Chozi naye tumfanyie nini? Tusidanganyane, kwa marakuja ya njano msaada wake ni mdogo. Lakini watoto wake anawalisha wadudu na buibui, na mama mwenye lengalenga na maharagi hana sababu ya kumfukuza anayekula wadudu. Kama unapenda aje, mpandie mmea wake kwenye ua wa parseli. Tekoma ya maua ya rangi ya chungwa inashika kwa kipande tu na inavumilia kiangazi. Kuna pia ule mmea wa porini unaopanda juu ya miti kando ya mito, maua yake mekundu kama moto, tunaouita kombretumu. Unachanua wakati wa ukame, majani yameanguka na chakula cha chozi ni haba. Ni mkubwa, utaka kukatwa kila mwaka, usiuache upande juu ya paa. Weka na vijiti vikavu vinavyotokeza kando ya maua, chozi asimame. Ule mmea wa porini wenye maua ya ndimi nyekundu na njano zilizopinda juu, unaoshika kwa ncha za majani, muuache porini: viazi vyake ni sumu, na mtoto hajui tofauti.

Mahali pamoja chozi hana kesi safi kabisa, kwenye migomba. Anapenda asali ya lile ua kubwa jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao Kivu tunaujua vibaya, unasambazwa na wadudu wanaotembelea ua hilo, na ndege pia wanashukiwa. Lakini hapa tena manati si dawa. Mara kichane cha mwisho kikishatokea, vunja lile ua kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, maana kisu kinabeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Ua likiondoka, mgeni hana cha kufuata pale.

Yule mama aliyetupokea bila kiti bado ana mmea wake. Kijana wake, aliyekuwa bingwa wa manati, sasa kila siku saa saba anapita parseli hadi parseli na kikopo cha nyanya ya kopo, ndani amebeba vifuko vya unga. Kila ua alilolipaka analifunga uzi mwekundu wa mfuko wa sukari. Mara ya mwisho tulipopita, vitunda vya kijani vilikuwa vinaning'inia karibu na nyuzi zile, mama akituonyesha kimoja kimoja, na safari hii viti vilikuwa vimetolewa nje kabla hatujafika. Jirani yake aliyekata mmea kwa panga ameomba miche 2 ya mbegu. Tumeiotesha kutoka matunda ya mimea tofauti, na tutaigawa mvua za mwezi wa tisa zikianza. Atakayekuja kuchukua aje na jirani yake.