Moto Yako Nayo Inapumua

Kama kwenu muko na pikipiki, ile wote tunaita moto, jibu ulizo hili: filtre yake ya hewa ulifungua lini mara ya mwisho? Wengi watasema, « Fundi ndiye anajua. » Lakini fundi anaona moto wakati imekwisha kugonjwa.

Motere inakula esansi na hewa, na hewa ndiyo inakula zaidi. Kuunguza litre moja tu ya esansi inaomba zaidi ya litre 8.000 za hewa. Sasa fikiri ile hewa kwenye barabara ya udongo, Kolwezi ao Fungurume, mwezi wa 8, nyuma ya kamyo ya mawe! Lukungu yote ile inapita kwa filtre.

Ikijaa, hewa inapungua na esansi inazidi. Utaona moshi mweusi, buji inakuwa nyeusi, moto inachoka kwa mulima na kunywa esansi sana. Hapo vijana wa taksi wanatoa filtre kabisa, ati moto ipumue. Ni kweli, siku za kwanza inakimbia. Lakini vumbi ikichanganyika na mafuta ndani ya silindre, inasugua chuma kama papye vere: segma zinakwisha, moshi inakuwa ya buluu, mafuta inapungua kila siku. Kisha ni silindre na pistoni, na pesa ya minervale ya watoto inaenda kwa fundi. Filtre mupya ni bei ndogo sana mbele ya ile.

Kazi yenyewe si nguvu. Pangusa kwanza inje ya sanduku, kisha fungua visi. Ukitoa filtre, ziba tundu la kuenda kwa motere na kitambaa safi, upanguse ndani ya sanduku.

Filtre ya eponji unaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usitumie esansi: inaharibu eponji na gundi yake, tena inaweza kuwaka. Ikamue kwa kuifinya tu, usiisokote kama nguo, maana itapasuka. Ianike kwa kivuli mpaka ikauke kabisa. Halafu itie mafuta ya motere kidogo, ufinye ile inazidi. Bila mafuta, vumbi nyembamba inapita.

Ya karatasi haioshwi, na haitiwi mafuta. Igonge polepole, ao ipulizwe kwa pompi, nguvu kidogo, kutoka ndani kuenda inje. Ukipuliza kutoka inje unasukuma vumbi ndani ya karatasi. Lakini kuko za karatasi zinatoka fabrike na mafuta yake. Hizo zinabadilishwa tu, sawa na yoyote ambayo imepasuka ao imelowana. Wakati wa kiangazi, mwenye taksi afungue sanduku kila juma.

Mama na baba, kuko jambo lingine. Kazi hii isifanywe mbele ya mulango wa jiko, wala mahali watoto wanacheza. Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza kama katika Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti kati ya nyumba, kobalti ilikuwa nyingi katika mukojo wa watoto kupita ya watu wazima, na ilikuwa hata katika vumbi ya ndani ya nyumba. Ile vumbi inaweza kuwa kwa filtre yako pia. Funga kitambaa kwa pua, usipulize kwa kinywa, nawa mikono mbele ya kula, na maji ya kuoshea usimwange karibu na kisima.

Ukienda kununua mupya, beba ile ya zamani mukononi. Linganisha ukingo wa mupira: kama unalegea, vumbi itapita kando. Na mbele ya kufunga sanduku, toa kile kitambaa.